Kununua sarafu ya majaribio ukiwa Dodoma: pima kwanza, lipa baadaye

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa na kijana mmoja wa Kondoa aliyekuwa karibu kulipa pesa nyingi kwa heller 20 ya mwaka 1916, sarafu ya enzi ya Wajerumani hapa kwetu. Muuzaji alimwambia ni sarafu ya majaribio kwa sababu ni ya shaba nyekundu, na "zile za kawaida ni za njano". Hapana. Heller 20 za Tabora zilitengenezwa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano pia, na zote zilikuwa za matumizi. Zilipigwa kwenye karakana ya reli wakati wa vita, sarafu kutoka Ujerumani zilipokuwa hazifiki, ndiyo maana nyingi zina sura ya kazi ya haraka.

Sarafu ya majaribio ni ile ambayo kiwanda hupiga chache tu ili wakubwa waone mchoro, madini au ukubwa wake kabla ya kuamua. Kwa hiyo uchache wake ni wa kuzaliwa nao. Mfano unaojulikana sana ni pauni ya dhahabu ya Edward VIII yenye mwaka 1937: mfalme alijiuzulu Desemba 1936 kabla sarafu zake hazijaingia sokoni, na mwaka 2020 moja ya zile za majaribio iliuzwa kwa pauni milioni 1. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936, zenye jina la mfalme huyohuyo, zilitumika madukani na hazina ughali wowote wa kutisha. Jina kubwa halitoshi kuipandisha sarafu bei.

Hatua ya 1: Zijue zilizotumika

Hapa wengi hawana subira, nami nasisitiza. Ukishika senti ya alumini ya 1907 au 1908 ya Afrika Mashariki na Uganda, usidhani ni jaribio kwa sababu ni nyepesi. Ilikuwa pesa halali, ila alumini iliharibika vibaya na mwaka 1909 wakahamia mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukiletewa senti 10 isiyo na tundu, inaweza kuwa kosa la kiwanda, au tundu limezibwa kwa risasi ya kuchomelea. Itazame kwa lenzi kuzunguka katikati.

Hatua ya 2: Namba na ukoo

Muulize muuzaji namba ya katalogi. Katika katalogi ya Krause, kitabu cha orodha ya sarafu za dunia, za matumizi zina herufi KM na za majaribio zina Pn. Asiye na namba, wala picha ya mnada wa zamani ambako sarafu hiyo ilionekana, alipwe bei ya sarafu ya kawaida au asilipwe kabisa. Jihadhari pia na sarafu za kubuni: watu binafsi walitengeneza nyingi zenye sura ya Edward VIII miongo mingi baada ya yeye kuondoka kwenye kiti, wakaandika 1936 au 1937. Hakuna serikali iliyoziagiza.

Hatua ya 3: Pima ndani ya maji

Hatua hii ndiyo inayokula saa nyingi, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Unahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, glasi ya maji, na uzi mwembamba. Mimi napendelea uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa, kwa sababu uzi wa pamba hunywa maji na kubadilisha jibu. Pima sarafu ikiwa kavu, uandike. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Sasa ining'inize sarafu kwa uzi mpaka izame yote, bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, upate msongamano, yaani uzito wa madini kwa ujazo wake; kila madini yana wake.

Rupia ya Kijerumani, ile ya enzi hiyohiyo ya heller, yenye fedha asilimia 91.7, ina uzito wa karibu gramu 11.66. Ndani ya maji mizani isome 1.13 hivi, na jibu liwe karibu 10.3. Mchanganyiko wa shaba na nikeli hutoa karibu 8.9. Kwa hiyo anayekuambia hii ni sampuli ya fedha ya sarafu iliyozoeleka kuwa ya nikeli na shaba, maji yatakujibu palepale.

Sasa matatizo. Zima feni na ufunge dirisha. Upepo wa Dodoma mwezi wa nane unatosha kuichezesha mizani. Chemsha maji uyaache yapoe, na utie tone moja la sabuni ya maji, la sivyo viputo hung'ang'ania kwenye herufi na hasa ndani ya tundu la senti, na kila kiputo hupunguza jibu. Badilisha betri kabla ya kuanza. Anza na sarafu unayoijua, upate jibu unalolitarajia, ndipo uweke ile ya mashaka. Rudia mpaka majibu yafanane.

Sarafu ndogo zina shida nyingine. Kwa sarafu ya gramu 1, tofauti ya 0.11 na 0.12 ndani ya maji hubadilisha jibu kutoka 9.1 hadi 8.3. Hapo hujapima kitu. Na hata kwa sarafu kubwa, maji hayatenganishi shaba tupu na shaba iliyochanganywa na bati, kwa kuwa namba zake zimekaribiana mno.

Likifika hapo, tafuta kipimo cha miale ya eksirei, ambacho hakiharibu sarafu. Sisi wa Dodoma tuna bahati: makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yako hapahapa mjini. Kawaulize kwanza kama watapokea sarafu na kwa ada gani, na useme wazi hutaki kipimo cha kukata wala kuyeyusha. Kumbuka miale husoma ngozi ya juu, hivyo sarafu iliyopakwa fedha itaidanganya. Ndiyo maana maji na miale vinahitajiana. Tindikali ya sonara usiikubali kamwe, tone moja linaacha kovu la kudumu.

Hatua ya 4: Hesabu gharama nzima

Tuseme mnada wa nje umekufikia kwa dola 400. Kampuni nyingi za mnada huongeza ada ya mnunuzi ya karibu asilimia 20, kwa hiyo ni 480. Usafirishaji wenye bima tuseme 60: umefika 540. Ukidaiwa VAT ya asilimia 18 juu ya hizo, ni dola 637, kabla ya ushuru wa forodha wowote na makato ya benki ya kubadilisha fedha. Bei unayoweza kupandia mnadani ianzie mwisho wa hesabu hii kurudi nyuma.

Kabla ya kulipa, waulize TRA mzigo utaingia chini ya kifungu kipi cha forodha: 9705 ni vitu vya makusanyo, 7118 ni sarafu. Muuzaji akijitolea kuandika "zawadi" na thamani ndogo, kataa. Ni udanganyifu wa forodha, na mzigo ukipotea bima italipa ile thamani ndogo iliyoandikwa. Soma pia masharti ya msafirishaji, kwa sababu wengine hawabebi sarafu au hawaziwekei bima.

Hatua ya 5: Ikishafika

Usiisugue. Ndimu, majivu, dawa ya meno, vyote viache jikoni. Mafuta yakiwa juu yake, tumia asetoni safi ya maabara, siyo ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato. Mfuko laini wa PVC hutoa kemikali ya kijani, kwa hiyo chagua vifuko vya plastiki ya Mylar. Risiti, karatasi ya forodha na majibu ya vipimo vikae kwenye faili moja lenye namba ya sarafu hiyo, maana atakayeinunua kwako ataanza na swali lilelile la hatua ya 2.