Chemchemi ya kijiji isilete ugonjwa: anza na mlima, kisha ukuta

Kigezi, Bugisu na kwenye miteremko ya Rwenzori, vijiji vingi vya Uganda hunywa maji yanayotoka ubavuni mwa mlima yenyewe, bila pampu, bila mafuta, bila bili ya umeme. Chemchemi ya namna hiyo inaweza kuwanywesha watoto, wajukuu na vitukuu. Lakini ukuta wa saruji na bomba huzuia tu uchafu wa miguu, wa ng'ombe na wa jerikeni zinazochovywa. Maji yaliyokwisha kupita chini ya choo hayasafishwi na ukuta. Mlipuko wa homa ya matumbo uliotokea Kampala mwaka 2015 ulihusishwa na maji machafu, yakiwemo ya chemchemi za mjini, na mjini humo chemchemi nyingi zenye ukuta mzuri zimezungukwa na vyoo vya shimo. Ndiyo maana kazi inaanzia juu ya chemchemi, kabla ya kununua mfuko hata mmoja wa saruji.

Panda mlima kwanza

Nenda na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mtu wa timu ya afya ya kijiji (VHT) na bwana afya wa gombolola, yaani wa kata. Pandeni kutoka kwenye jicho la maji, yaani pale yanapotokea ardhini, mkiandika kila mnachokiona: choo, zizi, shimo la takataka, bustani inayopuliziwa dawa, njia ya mifugo. Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi, na sakafu ya shimo lake iwe angalau mita 1.5 juu ya kiwango ambacho maji ya ardhini hufika wakati wa mvua. Kipimo hicho kinafaa udongo wa kawaida. Mahali penye mwamba uliopasuka, maji hukimbia kwenye nyufa bila kuchujwa, na mita 30 hazitoshi. Hapo choo kihamishiwe pembeni au chini ya chemchemi.

Mkikuta choo kipo mita 15 juu ya jicho, kihamisheni kabla ya kujenga. Msimwachie mwenye nyumba amri peke yake. Kijiji kimchimbie shimo jipya kwa kazi ya pamoja, kwa sababu wanaonufaika ni wote, na mtu aliyebebeshwa gharama peke yake ataendelea kutumia choo cha zamani usiku. Shimo la zamani lifukiwe kwa udongo hadi juu. Uchafu wake utaendelea kupenya ardhini kwa muda, basi msikimbilie kutangaza kwamba maji ni salama.

Angalieni miti pia. Mikaratusi, ile tunayoiita kalitusi, hunywa maji mengi na haifai karibu na jicho. Vichaka vya asili viacheni. Shamba lililo juu liwekewe matuta yanayokingama mteremko, ili mvua izame polepole badala ya kuteremka na udongo. Maji mtakayochota kiangazi ndiyo yale yaliyozama mlimani wakati wa mvua. Mlima ukibaki uchi, chemchemi hupungua hata kama ujenzi hauna kasoro.

Ardhi na kiasi cha maji

Chemchemi nyingi ziko ndani ya shamba la mtu. Pateni makubaliano ya maandishi: ukubwa wa eneo, njia ya kupita, nani anaruhusiwa kuchota. Mwenye ardhi asaini pamoja na mke au mume wake na watoto wake wakubwa, kisha mhuri wa LC1 ugongwe. Tunasisitiza watoto kwa sababu ugomvi huzuka baada ya mzee kufariki, pale mrithi anapoweka kufuli au kuanza kuuza maji.

Pimeni maji mwisho wa kiangazi, yanapokuwa machache kabisa. Yaelekezeni kwenye jerikeni ya lita 20 kwa kipande cha bomba au jani la mgomba, na mhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, mna jerikeni 90 kwa saa. Ikichukua dakika 3, ni 20 kwa saa, yaani 240 kwa mchana wa saa 12. Familia ya watu 6 inahitaji karibu jerikeni 6 kwa siku, hivyo 240 zitatosha nyumba 40 tu, tena kwa foleni ndefu inayowachelewesha watoto shuleni. Nyumba zikiwa nyingi kuliko hapo, tafuteni chemchemi ya pili.

Ujenzi

Jengeni kiangazi, kati ya Juni na Agosti au Desemba na Februari. Chimbeni kufuata maji ndani ya mteremko mpaka muone yanapotoka juu ya udongo mgumu wa mfinyanzi au mwamba. Hilo ndilo jicho lenyewe. Msilizibe, na msitoboe tabaka gumu lililo chini yake, maana maji yatazama na kutokomea.

Msingi wa ukuta ukae juu ya tabaka hilo gumu. Zege la msingi na la sakafu ya kuchotea liwe saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Mchanganyiko wa kujengea mawe au matofali uwe saruji 1 kwa mchanga 4. Wakati wa kazi, maji yapitisheni kwenye bomba la muda linalopenya msingi, nanyi mlizibe mwishoni. Zege limwagiwe maji kwa siku 7. Fundi anayetaka kumaliza kwa siku 2 aende kwingine.

Jambo moja huharibu chemchemi kuliko mengine yote: bomba la kutolea likiwekwa juu zaidi ya jicho. Fundi hufanya hivyo ili jerikeni ienee chini yake. Maji yakilazimishwa kupanda nyuma ya ukuta hutafuta njia nyingine, na baada ya misimu michache hutokea kwenye shamba la jirani. Bomba la chuma lililopakwa zinki, la inchi 2, liwe chini ya jicho, na la kupunguzia maji liwe juu yake kidogo lakini bado chini ya jicho. Jerikeni inahitaji nafasi ya sentimita 50 hivi. Nafasi ikikosekana, shusheni sakafu na mjenge ngazi, bomba lisipandishwe.

Nyuma ya ukuta pangeni mawe makubwa yaliyooshwa, juu yake kokoto, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa wa sentimita 10 hadi 15, halafu kaveera (karatasi ya plastiki) nene, na mwisho udongo wa kawaida wenye mteremko. Pandeni nyasi za paspalum. Mti wowote ukae mbali kwa mita 10, kwani mizizi hupasua ukuta. Mita 8 hadi 10 kutoka ukutani, upande wa mlimani, chimbeni mtaro wa kukinga maji ya mvua, wenye kina cha sentimita 30 hadi 50, na uzio unaozuia ng'ombe na mbuzi. Mbele ya sakafu pawe na mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika, yafike kwenye migomba au nyanya. Dimbwi likibaki hapo, watu husimama kwenye tope na mbu huzaliana.

Dalili za kasoro

Maji yakiwa na rangi ya maziwa au mekundu saa chache baada ya mvua, mtaro wa juu umejaa au udongo wa mfinyanzi umepasuka: maji ya mvua yanaingia moja kwa moja, pamoja na kinyesi kilichoko juu. Yakivuja chini ya ukuta, msingi haukufika kwenye tabaka gumu, na kiraka cha saruji kwa nje hakisaidii. Itabidi kuchimba upya.

Kamati na hela

Mnahitaji mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mtunzaji wa chemchemi. Angalau nusu wawe wanawake, na wasiwekwe kama mapambo: wao ndio wa kwanza kuona maji yamebadilika rangi. Shilingi 500 kwa mwezi kutoka nyumba 60 ni 360,000 kwa mwaka. Zitatosha kuzibua mtaro, kurekebisha uzio na kununua saruji ya marekebisho madogo. Zisikae kwenye simu ya mweka hazina peke yake. Kutoa hela kuhitaji watu wawili, na hesabu zisomwe mbele ya kijiji kila baada ya miezi 3.

Kutoka bomba hadi kikombe

Maji safi huchafukia njiani. Jerikeni yenye ukijani ndani ioshwe kila wiki: weka changarawe safi, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza. Funga kwa kifuniko, si kwa ganda la ndizi. Nyumbani mimina, usichovye kikombe. Kutibu, chemsha mpaka yabubujike kwa dakika 1, au dakika 3 kwa wanaoishi zaidi ya mita 2,000, kama sehemu za juu za Kigezi. Au tia tembe moja ya klorini ya miligramu 67 kwenye lita 20 za maji maangavu na usubiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Ombeni ofisi ya maji ya wilaya ipime maji mara baada ya ujenzi, kisha baada ya mvua za kwanza. Ikipatikana bakteria ya E. koli, ambayo ni ishara ya kinyesi, waambieni watu siku hiyo hiyo wachemshe maji, VHT apite nyumba zenye watoto wanaoharisha akiwa na ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na zinki, na kamati ipande mlima tena na ile orodha ya mwanzo. Mkishaondoa chanzo, pimeni upya kabla ya kuwaruhusu watu waache kuchemsha.