Jinsi ya kumhudumia jirani mzee au mgonjwa wakati wa mlipuko bila kumpelekea ugonjwa

Tarehe 6 Mei 2020, kwa sababu ya corona, serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Tulikuwa katikati ya Ramadhani. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea katika vichochoro hivyo, ambako nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na huko juu ghorofani wanakaa kina bibi peke yao, wenye sukari, presha na pumu. Njaa haikunitisha, maana kwetu mzee hakosi sahani mwezi wa Ramadhani. Walionitisha ni sisi wenyewe tuliobeba hizo sahani. Bibi mmoja alikuwa akipandiwa ngazi na watu watano au sita kwa jioni moja, kila mmoja ametoka nyumba yake, na kila mmoja anataka kumpa mkono.

Utaratibu tulioufuata baadaye ni huu.

Hatua ya 1: Uliza kwanza ugonjwa unapita wapi

Corona hupita zaidi kwa hewa. Mwanzoni hatukulielewa hilo vizuri. Tulikuwa tukiosha pakiti za unga kwa sabuni moja moja, kisha tunaingia kukaa na mgonjwa nusu saa, madirisha yamefungwa, barakoa iko kidevuni. Kipindupindu ni habari nyingine: huko angalia maji, choo na mikono ya mpishi. Mpox, ambayo Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Julai 2024, huambukiza zaidi kwa kugusana ngozi, na kwa nguo na matandiko ya mgonjwa. Hatua zinazofuata ni za ugonjwa wa hewa.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Kwa kila mtu andika jina, ghorofa anayokaa, anayelala naye, dawa anazotumia na siku zitakapokwisha, maji anayapata wapi, na simu ya ndugu mmoja wa karibu. Usizunguke mtaani ukiuliza nani hana chakula, maana watu wana stara zao. Uliza habari za dawa. Mzee atakutolea mfuko wake wa vidonge bila haya, na ukishauona unajua mengine.

Andika pia nani wenu ameingia wapi na siku gani. Sisi hatukufanya hivyo mwanzoni. Kijana wetu mmoja alipoanza kukohoa ikabidi tukae kukumbuka ameshika milango mingapi, na hatukuwa na hakika. Siku kumi na nne zilizofuata nililala vibaya.

Hatua ya 3: Mlango mmoja, mtu mmoja

Ukishika moja tu katika mwongozo huu, shika hili. Kila mzee awe na mhudumu mmoja anayejulikana, na majirani wengine wote wapitishe sahani zao kwake. Mhudumu huyo awe mzima, asiwe anauguza mtu nyumbani, na kila asubuhi ajikague: homa, kikohozi, koo, kupoteza harufu. Akiona hata dalili moja, hatoki. Wenye sukari au umri mkubwa wapewe kazi ya simu.

Tayarisha maneno ya kuwazuia wengine, kwa sababu wataudhika. Mimi nilisema, "Dada, futari yako itafika, nami nitamwambia imetoka kwako." Na nilimwambia kweli. Mtu akijua salamu zake zimefika, hasisitizi kupanda.

Hatua ya 4: Mzigo uingie, pumzi ibaki nje

Huku kwetu ghorofani watu wana kapu na kamba. Muuza mboga akipita, kapu linateremshwa dirishani, pesa zimo ndani, mboga zinapanda. Tulilirudisha hilo kapu kazini. Funga kamba kwenye mikono yote miwili ya kapu ili lisipinduke, na kwa mzee asiyekuwa na nguvu usizidishe kilo mbili kwa mara moja. Uji na mchuzi viwe kwenye chombo chenye kifuniko cha kukaza. Bibi mmoja alimwagikiwa na mchuzi wa moto mkononi kwa sababu ya bakuli lililofunikwa kwa sahani tu.

Pasipo dirisha, weka mzigo kizingitini, bisha hodi, rudi nyuma hatua tatu. Zungumzeni hapo, nyote na barakoa zinazoziba pua. Dumu la maji la lita 20 hataliinua, kwa hiyo mgawie kwenye vidumu vidogo. Ikibidi kabisa kuingia, mwombe afungue madirisha kabla hujafika, fanya kazi yako, utoke. Mazungumzo yafanyeni kwa simu.

Panga saa pia. Mwaka ule magharibi iliingia saa kumi na mbili na robo hivi na kafyu ilianza saa moja, kwa hiyo futari yetu ilikuwa imeshatoka saa kumi na moja.

Hatua ya 5: Dawa zisikatike

Anza kutafuta dawa zikiwa zimebaki za wiki mbili. Chukua kadi ya kliniki, au piga picha maandishi ya daktari; usitegemee kauli kwamba ni "kile kidonge cheupe". Insulini isigandishwe kamwe. Umeme ukikatika, iweke kwenye chombo kikavu kilichofungwa, ndani ya chungu kilichokaa katika chungu kikubwa chenye mchanga mbichi katikati. Mwenye sukari akitaka kufunga, azungumze na daktari wake kuhusu saa za daku na futari. Usimkatie shauri wewe.

Hatua ya 6: Pesa

Atume mwenyewe kwa simu yake. Usipokee namba yake ya siri hata akikubembeleza uichukue, na kila ununuzi umrudishie risiti na chenji ndani ya kapu.

Hatua ya 7: Piga simu kila siku, na usikilize pumzi

Ukimuuliza mzee wetu "Hujambo?", atajibu alhamdulillahi hata akiwa hoi. Uliza, "Leo umepika nini?" Anayesema hakupika, na jana pia hakupika, mfuatilie. Kisha mwache azungumze sentensi ndefu. Akikatika katikati kuvuta hewa, na jana hakuwa akikatika, hiyo ni dharura. Vilevile midomo kugeuka rangi, kifua kubana, kuchanganyikiwa, au usingizi usioamshika. Hapo usingoje asubuhi, hata kama ni saa za kafyu. Wakati ule tulipiga 719, namba ya serikali ya corona. Jua mapema namba ya eneo lako na gari litakalokubali kubeba mgonjwa, na ampeleke aliyekwisha kukaa naye.

Hatua ya 8: Andaa siku utakayougua wewe

Kila mhudumu awe na msaidizi mwenye nakala ya daftari, ambaye wazee wameshaisikia sauti yake. Mimi nilipata homa baada ya Idi. Nilijifungia, msaidizi akashika milango yangu siku hiyohiyo. Siku ya tatu simu ikalia; ni bibi yangu wa ghorofa ya pili, anauliza, "Leo umepika nini?" Nikamwambia sijapika. Kabla ya magharibi msaidizi aliniletea supu ya kuku aliyoteremshiwa kwa kapu, imefunikwa kwa kifuniko cha kukaza. Akaiweka kizingitini, akabisha, akarudi nyuma hatua tatu.