Kupiga picha sarafu za kale nyumbani kwa simu na mwanga wa dirisha

Sarafu nilizojifunzia kazi hii zilikuwa kwenye kopo la marehemu bibi, hapa Kirumba, Mwanza: hela za shaba na rupia mbili za fedha, zote za Mjerumani, senti kumi za Mwingereza zenye tundu, na shilingi za 1966 zenye sura ya Mwalimu upande mmoja na Mwenge upande wa pili. Nilizipiga picha zote jioni moja kwa flashi ya simu. Rupia zilitoka kama doa jeupe, hela kama doa jeusi, na mwaka haukusomeka hata kwenye moja.

Ukishika sarafu kuukuu mkononi, unaigeuzageuza kidogokidogo mpaka mwanga ukamate herufi. Kamera haiwezi kufanya hivyo. Inaona pembe moja tu, kwa hiyo lazima wewe uitafute pembe hiyo kabla ya kubonyeza. Karibu kazi yote iko hapo, na simu ya kawaida inatosha.

Hatua ya kwanza: usiisafishe

Nalianza na hili kwa sababu kosa lake halirudi nyuma. Mjomba wangu aliichukua rupia moja akaisugua kwa ndimu na majivu ili ipendeze kwenye picha. Iling'aa kweli, lakini picha ya karibu ilionyesha mikwaruzo mia, yote ikielekea upande mmoja, na nywele za masharubu ya Kaizari Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, zimefutika. Ule weusi uliokaa kwenye mabonde ya herufi kwa miaka mia na zaidi ndio uliokuwa ukizifanya zisomeke. Dawa ya meno, stilwaya, siki na mchanga vinaharibu vilevile.

Kinachoruhusiwa ni brashi laini, kavu, kuondoa vumbi. Usipulize kwa mdomo, mate huacha madoa. Ishike sarafu kwa ukingo, usiguse uso wake, na tandika kitenge kilichokunjwa mezani ili ikikuponyoka isigonge sakafu.

Hatua ya pili: chagua dirisha

Unataka mwanga wa anga. Jua lenyewe lisiingie. Mwanza iko kama nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu huhama: mwezi wa sita hupita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili hupita kusini. Mimi hutumia dirisha la kusini katikati ya mwaka na la kaskazini kuelekea Krismasi. Saa tatu mpaka saa tano asubuhi mwanga umetulia. Jua likipiga bati la jirani likarudi ndani, bandika karatasi nyeupe nyembamba kwenye kioo.

Angalia pia kuta na mapazia. Fedha hunywa rangi ya kila kilicho karibu nayo. Pazia la kijani litakupa rupia ya kijani. Umeme ukiwepo, zima taa ya chumbani, maana rangi ya bulbu na rangi ya anga hazichanganyiki vizuri.

Hatua ya tatu: isimamishe simu

Panga vitabu marundo mawili, laza simu juu yake kama daraja, lensi ikitazama chini katikati. Acha sentimita 20 hivi kati ya lensi na sarafu, na kama simu ina lensi ya kukuza mara mbili, itumie. Ukisogea karibu mno kivuli cha simu kitaangukia sarafu, na duara litapinda.

Kujua kama simu na meza viko sambamba, weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa sarafu. Lensi ikijiona katikati ya picha, umepata. Isipojiona, ongeza karatasi chini ya rundo moja mpaka ikae sawa. Kisha toa kioo, weka sarafu. Na futa lensi kwanza. Huku kwetu vumbi na jasho la mfukoni huiwekea ukungu usioonekana kwa macho.

Hatua ya nne: iinue sarafu

Ikilala moja kwa moja kwenye karatasi, kivuli chake kinashikana na ukingo na kila chembe ya karatasi inaonekana. Iweke juu ya kizibo cha soda. Mandharinyuma yanafifia, duara linabaki safi. Kwa senti zenye tundu, kizibo kitaonekana katikati, kwa hiyo tumia pete ya kidole badala yake. Karatasi ya chini iwe ya kijivu. Nyeusi tupu huidanganya simu ikaunguza fedha, nyeupe tupu huifanya shaba iwe giza.

Hatua ya tano: tafuta pembe ya mwanga

Hapa usiwe na haraka. Mimi hutumia dakika kumi kwa sarafu moja.

Kwanza, juu ya sarafu kuelekee dirishani. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu. Ukitokea chini, sura iliyoinuka huonekana imezama, na msomaji atadhani herufi zimechimbwa. Fikiria sarafu ni saa ya ukutani: mwanga utokee kwenye namba 10 au 11. Kwenye rupia hilo linafaa zaidi, kwa sababu Kaizari anatazama kushoto na mwanga unamwangukia usoni badala ya kisogoni kwenye kofia.

Pili, urefu wa mwanga. Sarafu iliyolika inataka mwanga unaokuja chinichini, karibu kulala mezani, ili kila kinundu kilichobaki kitupe kivuli. Inua kizuizi cha kadi nyeusi kwenye nusu ya juu ya dirisha uone herufi zinavyofufuka. Sarafu mpya inayong'aa inataka kinyume chake: mwanga mpana, laini, kutoka juu. Upande wa pili wa dirisha simamisha kadi nyeupe irudishe mwanga kidogo, vivuli visiwe shimo.

Nimeona nguvu ya mwanga huu wa chini kwenye sarafu za hela 20 (heller kwa Kijerumani) za mwaka 1916. Hizo zilitengenezwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sarafu kutoka Ujerumani zilipokuwa hazifiki, na nyingi zina chapa duni, taji halikutoka vizuri. Herufi T ndiyo alama ya Tabora. Za 1904 mpaka 1914 zina A ya Berlin au J ya Hamburg. Herufi hizo ni ndogo kama chembe ya ulezi, lakini anayeijua sarafu huzitazama kwanza, hivyo pembe isiyozionyesha si pembe sahihi.

Sarafu za shaba za Mjerumani zilizoitwa pesa, za 1890 mpaka 1892, zina maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Wengi huzipiga kichwa chini. Muulize mtu aliyesoma madrasa akuonyeshe juu ni wapi.

Hatua ya sita: kwenye simu

Zima flashi. Zima vichujio vya kurembesha. Zima pia mahali ulipo, kwa sababu picha hubeba alama ya nyumba yako na nimeletewa rupia na watu walioambiwa ni ya mamilioni. Huhitaji wageni wa aina hiyo. Gusa kwenye herufi na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, punguza mwangaza kidogo, weka kipima muda cha sekunde 3 ili kidole kisitikise simu. Piga tano, uchague moja.

Hatua ya saba: rekodi

Pande zote mbili kwa mwanga uleule, halafu ukingo, halafu moja yenye rula kando. Kama una mizani ndogo ya sonara, andika uzito: rupia moja nzima ni gramu 11.66 hivi, na nakala bandia ya kuyeyushwa mara nyingi hujulikana hapo.

Kwenye kurekebisha, kata kingo na nyoosha tu. Weka simu kando ya sarafu halisi dirishani. Kama shaba ya kwenye kioo ni nyekundu kuliko ya mkononi, rudisha rangi mpaka zilingane, kisha hifadhi.

Baadaye, kila sarafu iingie kwenye bahasha yake ya karatasi kavu. Plastiki laini ya pochi za bei nafuu hutoa ute wa kijani unaokula shaba, na unyevu wa ziwa unauharakisha. Mimi huweka ndani ya kopo vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kopo ni lilelile la bibi.