Kabla hujamnyoosha mgonjwa wa kitandani: mambo ya kuzingatia

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali akiwa bado hawezi kuinuka, ndugu hutamani kumfanyisha mazoezi siku hiyohiyo. Hamu hiyo ni njema. Mtu akilala tu, makohozi hutuama mapafuni na kuleta nimonia, viungo hukakamaa, damu huweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, na ngozi ya makalio na visigino huchubuka hadi kuwa vidonda. Lakini maandalizi yakirukwa, mazoezi yenyewe huumiza. Hapa nazungumzia hasa mgonjwa wa kiharusi aliyepooza upande mmoja, kwa kuwa ndiye anayeumizwa kirahisi na mikono ya watu wanaompenda.

Maandalizi yaanzie wodini. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe kila zoezi, kisha ulifanye wewe huku yeye anakutazama. Uliza ni kiungo gani hakiruhusiwi kuguswa, hasa kama mgonjwa aliwahi kuvunjika au amefanyiwa upasuaji, na presha ikifika ngapi msifanye chochote. Aliyepangwa kushinda na mgonjwa ndiye aende kufundishwa. Mara nyingi huenda mwenye gari, halafu anayebaki nyumbani hajui lolote.

Nyumbani, kila siku kabla ya kuanza, mkague. Ana homa? Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, bila kumwambia kwamba unahesabu. Mtu mzima huvuta kama mara 12 hadi 20. Akiwa anahema kuliko kawaida yake, siku hiyo ahirisha mazoezi na umtafute mhudumu wa afya. Kisha linganisha miguu yote miwili. Mmoja ukiwa umevimba, una joto, au shavu la mguu huo linauma, usiukande wala kuukunja. Huenda damu imeganda, na bonge hilo likichomoka linaweza kwenda kuziba mapafu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa pumzi ghafla au akilalamika kifua, hiyo ni dharura.

Suala la kumkanda kwa maji ya moto nalisema bila kuficha, maana karibu kila nyumba huja shangazi au jirani na beseni na kitambaa. Upande uliopooza mara nyingi umepoteza hisia. Mgonjwa anaungua na hasemi, kwa sababu hasikii moto, au anausikia lakini ulimi umemwia mzito. Msiba wa ngozi kubabuka juu ya kiharusi hauna sababu ya kutokea. Kama lazima mumfute, maji yawe ya uvuguvugu na yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima mwenye afya.

Bega nalo lina hadithi yake. Misuli inayolishikilia ikilegea, mkono huning'inia na kiungo huanza kuachia. Basi asivutwe mkono ili akae, wala asinyanyuliwe kwa kushikwa kwapani. Mwinueni watu wawili, mkishika mgongo na nyonga. Mkono uliopooza ulazwe juu ya mto wakati wote. Unapounyoosha, mkono wako mmoja uwe juu ya kiungo na mwingine chini yake, uende taratibu, na pale panapogoma au uso wake unapokunjika ndipo mwisho. Mara tano hadi kumi kwa kila kiungo zinatosha.

Sogezeni kitanda kutoka ukutani ili pande zote mbili zifikike. Mpira wa mkojo uwe na ulegevu wa kutosha, na mfuko wake ubaki chini ya usawa wa kibofu. Msianze mara baada ya uji au chakula. Pitisheni kama saa moja. Kama ana dawa ya maumivu aliyoandikiwa, apatiwe nusu saa kabla. Fungeni mlango, mfunikeni kanga, na muache wazi sehemu inayofanyiwa kazi tu. Mwambie kabla ya kumgusa: "Baba, sasa nainua mguu wa kushoto." Wengi waliopoteza usemi bado wanaelewa kila neno.

Kwa pumzi, kichwa na kifua viinuliwe kwa mito imara. Avute kwa pua polepole, kisha atoe kwa midomo iliyobanwa kidogo, muda wa kutoa uwe mrefu kuliko wa kuvuta. Pumzi tatu au nne, apumzike, ndipo arudie, la sivyo kizunguzungu kitamshika. Zoezi la kupulizia maji ya chupa kwa mrija ni zuri kwa kulegeza makohozi, ila kama hupaliwa anapokunywa, liacheni kabisa.

Kumkalisha kwa mara ya kwanza kuwe kwa hatua: mito iongezwe, mtulie dakika kadhaa, kisha miguu ishushwe. Presha ya aliyelala muda mrefu huweza kushuka ghafla, kwa hiyo mtu mmoja asimwachie hata kidogo.

Wekeni daftari kando ya kitanda. Andikeni tarehe, alichofanya, alipolalamika maumivu na ngozi ilivyoonekana mlipomgeuza, jambo linalotakiwa kufanyika takriban kila baada ya saa mbili hata siku ambayo mazoezi yameahirishwa. Siku ya kliniki, daftari hilo liende pamoja na mgonjwa.