Namna ya Kuzuia na Kutambua Upungufu wa Magnesiamu Mwilini
Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 310 hadi 420 za magnesiamu kwa siku, na njia bora ya kuzipata ni chakula: pika ugali wa dona badala ya sembe, kwa kuwa kukoboa mahindi huondoa kiini na pumba zenye sehemu kubwa ya madini hayo, kisha ule kwa maharage, mchicha au korosho. Misuli ikikakamaa, mikono ikitetemeka au moyo ukidunda bila mpangilio, nenda hospitali upimwe damu, hasa ukiwa na kisukari, umeharisha kwa muda mrefu au umetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa miezi mingi. Mwenye ugonjwa wa figo asimeze kamwe vidonge vya magnesiamu bila idhini ya daktari, maana figo dhaifu hushindwa kutoa ziada, nayo huweza kusimamisha moyo.