Somo: Kufunga sari mwenyewe mpaka ikutii

Sari ikifumuka katikati ya ukumbi, watu hulaumu kitambaa. Mara nyingi shida imeanzia kwenye gagulo. Mita tano na nusu za nguo hazina kifungo wala zipu, zinashikwa na kamba moja tu ya kiunoni, na kamba hiyo ikilegea hakuna pini itakayokuokoa. Kwa hiyo msinishangae nikikaa sana kwenye maandalizi. Nataka kila anayesoma hapa aweze kujifunga mwenyewe, mbele ya kioo chake, bila kumsubiri mtu wa saluni.

Mtindo tutakaojifunza unaitwa Nivi. Ndio mnaouona kwenye filamu nyingi za Kihindi na kwenye harusi zetu za pwani: marinda mbele, ncha yenye nakshi imepita juu ya bega la kushoto. Sari ni vazi la kale sana, lakini kuivaa hivi, juu ya gagulo na blauzi ya kushona, kulienea karne ya 19. Mmoja wa walioeneza uvaaji huo ni Jnanadanandini Devi, aliyeolewa katika ukoo wa Tagore wa Kolkata. Alipokaa Bombay (Mumbai ya leo) na mumewe aliwaona wanawake wa Kiparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, wanavyojifunga, akarekebisha hapa na pale, na aliporudi Bengal akatangaza kwenye jarida kwamba yuko tayari kuwafundisha wenzake. Mwanamke wa zama zile kutoa tangazo kama hilo! Mtafiti Rta Kapur Chishti ameorodhesha zaidi ya namna 100 za kufunga sari nchini India. Tushike hii moja kwanza.

Unachohitaji

Sari ya pamba. Narudia: pamba. Kila mtu anataka kuanza na shifoni kwa sababu ndiyo aliyoiona kwa Sridevi, yule mwigizaji wa filamu za Kihindi, lakini shifoni na jojeti huteleza, na anayejifunza huishia kukata tamaa. Pamba ya Bengal au ya Chanderi hukaa pale ulipoiweka. Kama ni mpya kabisa na ina wanga mwingi, ifue mara moja.

Kabla hujaifunga, tafuta kipande cha blauzi. Sari nyingi za dukani huja na kitambaa cha blauzi kimeungana nayo mwishoni, kama sentimita 80. Kikate, mpelekee fundi. Usipokikata, nguo inazidi, marinda yanakuwa manene tumboni, nawe utadhani una mwili usiofaa sari. Mwambie fundi huyohuyo akushonee ukanda wa pamba kwa ndani kwenye pindo la chini, upande ule utakaokuwa na marinda. Ukanda huo unalinda pindo lisiliwe na sakafu, na uzito wake ndio unaoyavuta marinda yaanguke wima.

Gagulo liwe la pamba, rangi ikaribiane na sari, urefu ufike kifundo cha mguu. Liwe na kamba. Lastiki haifai kwa anayeanza. Satini pia haifai, kwa sababu sari itateleza juu yake. Pini nne zinatosha. Kama sari ni ya hariri, tia ushanga mmoja kwenye kila pini kabla ya kuichoma. Ushanga unakaa kule kwenye kizingo cha pini na kuzuia nyuzi zisinaswe humo na kuchanika.

Hatua ya kwanza: viatu

Vaa viatu utakavyotoka navyo, kisha ndipo ujifunge. Ukifunga ukiwa peku halafu ukavaa visigino virefu, vifundo vitabaki nje na kazi yote itaharibika.

Hatua ya pili: gagulo

Lifunge usawa wa kitovu au chini yake kidogo, na fundo la kamba liwe ubavuni, lisikae mbele. Kaza. Kisha keti kwenye kiti, inuka, vuta pumzi. Kama hukuhisi kamba kabisa, imelegea. Kama inakuuma ukiwa umekaa, imezidi.

Hatua ya tatu: mzunguko wa kwanza

Sari ina ncha mbili. Moja ina nakshi nyingi, hiyo ni pallu, iache pembeni. Shika ile isiyo na nakshi, ichomeke ndani ya gagulo kulia kwa kitovu. Ipeleke mbele kuelekea kushoto, ipite nyuma, irudi kulia mpaka mbele ulipoanzia, huku unachomeka kidogo kidogo. Pindo la chini liguse sakafu kwa shida. Hapa ndipo pa kuwa mkali na nafsi yako. Mzunguko huu ukipinda, kila kitakachofuata kitapinda, na huwezi kuurekebisha baadaye bila kufungua yote.

Hatua ya nne: pallu kabla ya marinda

Mafundi wengine huanza na marinda. Mimi nawafundisha kuanza na pallu, maana ukishajua bega linataka kiasi gani, kinachobaki mbele ndicho cha marinda, na hutakosea hesabu.

Shika pallu, ikunje kwa urefu wake kwa mikunjo ya upana wa kiganja, ule wenye pindo zuri ukae juu uonekane. Sari iliyobaki izungushe tena nyuma ya kiuno kutoka kushoto, ipite chini ya mkono wa kulia, ipande kifuani, itue begani kushoto. Nyuma ining'inie mpaka karibu na goti. Choma pini begani kwa ndani, ikamate blauzi na mikunjo yote. Usiikaze pale kifuani. Acha nafasi ya kuinua mkono.

Hatua ya tano: marinda

Sasa mbele yako kuna nguo imelegea, kati ya ulipochomeka na nyonga ya kushoto. Anza kuikunja. Kila rinda liwe na upana wa kiganja kilichotanuliwa kidogo, sentimita 12 au 13. Utapata matano mpaka saba, kutegemea mwili wako na urefu wa sari. Tumia kidole gumba na cha mwisho kama kipimo, rinda juu ya rinda, na midomo yake ielekee kushoto.

Yakusanye, yatikise yaanguke, angalia chini kama yamelingana. Usiangalie juu, juu hapaonekani. Yakilingana chini, choma pini moja upande wa juu kwa ndani, kisha uyachomeke yote kwa pamoja kwenye gagulo, usawa wa kitovu au kushoto kidogo. Vuta pumzi ndani wakati wa kuchomeka.

Kitambaa kinachobaki kimelegea kwenye nyonga ya kushoto, kivute nyuma taratibu na ukichomeke.

Hatua ya sita: tembea

Panda ngazi, keti, inama uokote kitu. Kama kuna kitu kinalegea, afadhali ujue ukiwa chumbani. Jizoeze nyumbani ukipika na kufagia humo humo. Mamilioni ya wanawake wa India, Bangladesh na Sri Lanka wanafanya kazi siku nzima ndani ya vazi hili, wanalima, wanafundisha darasani. Sisi huliona kama vazi la kusimama na kupigwa picha tu, na hiyo ndiyo sababu tunatembea ndani yake kwa woga.

Sari ya leo

Ukiweza Nivi, unaweza kuanza kuivunja, na hapa ndipo penye utamu. Vijana wa Mumbai, Delhi na Bengaluru wanafunga sari juu ya jinzi, juu ya shati la kiume, juu ya fulana, na raba miguuni. Wengine hukaza mkanda wa ngozi kiunoni juu ya pallu, na huo ni ujanja mzuri kwa mwanafunzi kwa sababu mkanda hushika kila kitu. Mwaka 2023 Design Museum ya London iliandaa maonyesho mazima ya sari za kisasa, The Offbeat Sari. Ndani yake kulikuwa na ile sari ya mbunifu Sabyasachi Mukherjee ambayo tajiri wa Kihindi Natasha Poonawalla aliivaa kwenye Met Gala, ile hafla kubwa ya mitindo ya New York, mwaka 2022 pamoja na kifua (vazi la kifuani) cha rangi ya dhahabu cha jumba la mitindo la Schiaparelli. Mwaka 2024 mwigizaji Alia Bhatt naye alipanda ngazi zilezile na sari ya Sabyasachi yenye mkia wa karibu mita saba, kazi ya mafundi 163.

Nakipenda kile kifua cha Schiaparelli, lakini moyo wangu uko kwa mbunifu Sanjay Garg na nyumba yake ya mitindo, Raw Mango. Alianza na Chanderi, akapunguza nakshi, akaacha rangi mbili zikae peke yake. Sari zake hazina kelele, na wafumaji wa vitambaa vya mkono wanaendelea kupata kazi. Atakayepata nafasi aangalie picha za kazi zake kabla ya kununua sari iliyojaa vijiwe vya kubandika.

Maswali ya wanachama

*Dada, asante kwa somo. Mimi ni mfupi na mnene kidogo. Sari haitanimeza?* (Mombasa)

Haitakumeza, shoga yangu. Chagua yenye pindo jembamba, sentimita tano hivi, na kitambaa kinachoanguka kama jojeti ukishapata uzoefu. Sari nzito ya hariri ya Kanchipuram yenye pindo pana inakukata katikati. Pallu yako iwe ndefu nyuma, inaongeza kimo. Marinda yawe membamba zaidi ya nilivyosema, na usiyalundike yote kitovuni. Yatandaze kidogo kuelekea kushoto.

*Shikamoo mwalimu. Navaa hijabu. Nifanyeje mgongo na tumbo visionekane?* (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Mwambie fundi akushonee blauzi ndefu inayoingia ndani ya gagulo, mikono mpaka kiwiko cha mkono au zaidi. Gagulo lifungwe juu ya kitovu. Pallu usiikunje, iache itandae begani na ifunike mkono. Au jifunze ufungaji wa Kigujarati, pallu inatoka nyuma, inapita bega la kulia na kushuka mbele kifuani. Unasitiri vizuri na nakshi yote inaonekana. Familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki zina asili ya Gujarat, kwa hiyo huenda kuna jirani yako anayeweza kukuonyesha kwa mikono yake.

*Kitenge je? Naona pisi moja ni yadi sita, sawa na sari.* (Dar es Salaam)

Urefu unatosha, yadi sita ni mita tano na nusu. Tatizo ni uzito na ugumu. Marinda ya kitenge cha nta yanasimama mbele kama ubao. Ukitaka nakshi zetu, tafuta iliyochapwa kwenye voili au pamba laini. Pia kitenge hakina pallu, nakshi ni ileile mwanzo mpaka mwisho, hivyo mpe fundi atie pindo la rangi nyingine kwenye ncha. Nimeona wanaofanya hivyo na inapendeza kweli.

*Rafiki yangu Mhindu ananialika harusini. Nikivaa sari na alama ya usoni, nitamkwaza?* (Nairobi)

Kuvaa sari harusini huwafurahisha wenyeji walio wengi, na mwalikwa anayejifunga mwenyewe huheshimiwa zaidi. Nukta ya kipaji cha uso, bindi, huvaliwa hata kwa urembo tu, lakini muulize rafiki yako. Usipake poda nyekundu kwenye njia ya nywele. Hiyo ni sindur, ni alama ya mke aliyeolewa Kihindu, haipakwi kwa kunogesha. Epuka pia nyeupe tupu, ambayo kwa Wahindu wengi ni rangi ya msiba. Nyekundu waachie bibi harusi.

*Huku Muscat wanauza zilizokwisha kushonwa marinda, unavaa kama sketi. Ninunue?* (Oman)

Nunua kama una mkono unaokusumbua au una dakika tano tu za kuvaa. Kwa wengine nasema subiri. Ile iliyoshonwa ina kipimo kimoja cha kiuno, ukinenepa au ukikonda imekwisha, huwezi kumwazima dada yako, na hutaweza kubadili mtindo. Sari ya kufunga inamtosha binti, mama na bibi bila kuguswa na sindano.

*Mama ameniachia sari ya Banarasi, imekaa sandukuni miaka mingi. Nyuzi za dhahabu zimeanza kuwa nyeusi.* (Unguja)

Iondoe kwenye mfuko wa plastiki leo. Ifunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, iweke mahali pakavu, maana unyevu wa pwani ni adui. Kila baada ya miezi michache ifungue, ipate hewa kivulini, na uikunje upya kwenye mistari tofauti. Ikikunjwa palepale miaka yote, hariri hukatika kwenye mkunjo. Usinyunyizie manukato juu yake, jipulizie mwilini kabla ya kuvaa. Dawa ya nondo (naftalini) iweke mbali na nyuzi za dhahabu. Tumia mwarobaini mkavu uliofungwa kwenye kitambaa. Usiifue kwa maji, mpelekee dobi wa kusafisha kwa dawa na umwonyeshe palipo dhaifu.

*Samahani kwa swali hili: msalani?* (Bukoba)

Limeulizwa na wengi, usione haya. Tupa pallu begani upande wa mbele au ichomeke kiunoni. Kisha shika pindo la gagulo kutoka ndani, pamoja na sari, pandisha vyote kwa pamoja mpaka kiunoni. Usishike sari peke yake, hapo ndipo marinda hung'oka. Ukimaliza achia vyote kwa pamoja, tikisa mbele mara moja, kagua nyuma kwenye kioo.