Namna ya Kutazama Sehemu ya Pili Usiyokuwa na Imani Nayo

Mtu aliyeipenda filamu ya kubuni ya kisayansi kwa miaka mingi huingiwa na hofu ya haki anaposikia kwamba imetolewa sehemu ya pili. Sisi tuliokulia Dodoma tukitazama filamu katika vibanda umiza tuna sababu ya ziada ya kuogopa, kwa kuwa si mara moja wala mbili tulisoma ubaoni kwamba siku hiyo inaonyeshwa sehemu ya pili, tukalipa kiingilio, tukabanana kwenye mabenchi, kumbe ni filamu nyingine kabisa, yenye waigizaji wengine na kisa kisichohusiana na kile tulichokipenda. Nitaeleza hapa namna ya kuitazama filamu ya aina hiyo kwa haki, bila kuisifu kabla ya wakati na bila kuihukumu mlangoni. Mfano wangu ni Blade Runner 2049, iliyotoka mwaka 2017, miaka 35 baada ya Blade Runner ya mwaka 1982, kwa sababu ndiyo iliyonigeuza.

Jambo la kwanza ni kuandika kwenye karatasi, kabla ya kutazama, kile unachokihofia. Andika kwa sentensi kamili, kwa kuwa hofu iliyobaki kichwani hubadilika kila dakika ili ionekane ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma alipokuja nyumbani Nkuhungu na kompyuta mpakato yake akaniambia, "Shikamoo, mjomba. Leo nimekuletea ile ya pili," niliitikia marahaba kisha nikachukua daftari. Niliandika kwamba mwigizaji wa zamani, Harrison Ford, atarudishwa ili kuvuta watu tu. Kwamba saa mbili na dakika zaidi ya 40 ni muda mrefu kupita kiasi. Na kwamba fumbo la filamu ya kwanza litafunguliwa kwa nguvu na kuharibiwa. Hofu hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito, na nitairudia.

Pili, itazame upya filamu ya kwanza, na uhakikishe unajua ni toleo gani unalolitazama. Katika mfano wetu jambo hili lina uzito mkubwa. Toleo lililoonyeshwa kwenye kumbi mwaka 1982 lina sauti ya mhusika mkuu anayesimulia, na linamalizika kwa wapenzi wawili kusafiri kwa gari katika nchi ya kijani. Toleo la mwaka 2007, ambalo mwongozaji Ridley Scott aliliridhia kikamilifu, halina usimulizi huo, na linakoma pale milango ya lifti inapofungwa, mtazamaji akiwa hajui wanakwenda wapi. Aliyelizoea toleo la zamani anaweza kuilaumu sehemu ya pili kwa kosa ambalo si lake. Nakushauri utazame lile la mwaka 2007, kisha uache siku mbili au tatu zipite.

Kuhusu mahali na wakati, nitasema kwa kifupi. Filamu ya namna hii haifai simu ya mkononi, wala haifai mchana katika sebule yenye mwanga. Mpiga picha wake mkuu, Roger Deakins, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hii baada ya kuteuliwa mara 13 bila kushinda, na sehemu kubwa ya kazi yake imo ndani ya giza, ukungu na vumbi. Funga pazia na uanze saa mbili usiku. Hapa kwetu, katika miezi ya kiangazi, upepo hugonga bati usiku kucha, kwa hiyo tumia spika za nje au visikizio, kwani sauti nyingi za filamu hii ni ndogo na za mbali. Weka karanga na zabibu karibu mapema, ili mtu asisimame kila mara.

Sasa tuje kwenye kutazama kwenyewe, ambako ndiko watu wengi hukosea. Mtu mwenye matarajio madogo huhesabu mfanano: gari lile lile, mvua ile ile, muziki unaofanana na wa zamani. Hesabu hiyo haimfikishi popote, kwa maana sehemu ya pili isiyofanana na ya kwanza italaumiwa kwa usaliti, na inayofanana nayo italaumiwa kwa uvivu. Jiulize badala yake ni swali gani la filamu ya kwanza ambalo hii imelibadilisha. James Cameron alifanya hivyo mwaka 1991 katika sehemu ya pili ya Terminator, pale mashine iliyokuja kuua mwaka 1984 ilipofanywa mlinzi wa mtoto, na kwa badiliko hilo moja kisa kizima kikapata maana mpya.

Katika Blade Runner ya kwanza swali linalomsumbua mtazamaji ni nani binadamu na nani wa kutengenezwa, na fumbo hilo linamgusa hata Deckard mwenyewe, yule mpelelezi anayeigizwa na Ford na anayewasaka hao wa kutengenezwa. Niliogopa kwamba sehemu ya pili italijibu kwa kishindo mwishoni. Mwongozaji Denis Villeneuve alifanya jambo ambalo sikulitazamia: mpelelezi mpya, anayeitwa K na kuigizwa na Ryan Gosling, anajulikana tangu onyesho la kwanza kwamba ametengenezwa, na yeye mwenyewe analijua hilo bila shaka yoyote. Hapo swali linageuka. Mtu anayejua kwamba ameumbwa kiwandani, na kwamba kumbukumbu zake za utotoni zilipandikizwa, ana haki ya kutamani nini? Nilikuwa nimeegemea kiti. Nikajikuta nimekaa wima. Fumbo la zamani kuhusu Deckard liliachwa palepale lilipokuwa, na hofu yangu ya tatu ikaanguka yenyewe.

Ukishalipata swali, fuatilia vitu vidogo vinavyolibeba. Kuna farasi mdogo wa mti ambaye K anamkumbuka tangu utotoni. Katika ulimwengu wa filamu hiyo mimea imetoweka karibu yote, kwa hiyo kipande cha mti halisi ni mali kubwa. Sisi tunaoishi katika nchi kame, ambako mche ukipandwa kiangazi humwagiliwa kwa ndoo hadi mvua za Desemba, tunaelewa thamani hiyo bila kufafanuliwa. Vivyo hivyo K anapotembea katika Las Vegas iliyotelekezwa, hewa yote ikiwa na rangi ya chungwa, mpwa wangu alisema polepole, "Mjomba, hii ni Dodoma ya Septemba." Sikumkatiza, kwa sababu filamu ya kisayansi hushika pale mtazamaji anapoitambua ardhi yake ndani ya ardhi ya kubuni. Usione aibu kuleta mambo ya kwenu katika filamu iliyotengenezwa mbali.

Nakuomba pia uvumilie mwendo wake. Wapo wanaouita uzembe. Mimi nauona kuwa ni adabu, kwani kamera inampa K muda wa kufikiri mbele yetu. Ikiwa baada ya saa nzima bado hujaona swali lolote, una haki ya kuzima.

Filamu ikiisha, usianze kuongea mara moja. Chukua karatasi yako, soma ulichoandika, na ujibu kila hofu kwa uaminifu. Kuhusu Ford nilikuwa nimekosea: anatokea baada ya zaidi ya nusu ya filamu, na anapotokea ana uzito wa mtu aliyepoteza kitu. Kuhusu urefu nilikuwa sahihi kwa sehemu, kwa maana tajiri Wallace, mwenye kiwanda cha binadamu wa kutengenezwa, anahutubia kupita mahitaji ya kisa. Andika na hayo. Kukubali kwamba filamu imekushinda hakukuondolei wajibu wa kutaja kasoro zake, na mtazamaji anayefuta lawama zote kwa furaha atashindwa kumweleza mwenzake ni kipi hasa kilichomgeuza.

Baada ya wiki moja, rudia filamu ya kwanza kwa mara nyingine. Tulifanya hivyo Jumamosi iliyofuata, umeme ukakatika katikati, tukasubiri gizani mpaka uliporudi karibu saa nne. Milango ya lifti ilipofungwa safari hii, mpwa wangu alinigeukia, na wote wawili tulijua wale watu wanakwenda wapi.